MTOTO AKIANZA KWENDA TATA, MZAZI NI KAMBI YAKE

Wahenga walinena kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Usemi huu twausikia kila siku, na aghalabu twautumia tunapozungumza juu ya mtoto mkubwa, yule aliyekwisha kuanza shule, ambaye aweza kukanywa, kutumwa na kuulizwa maswali. Kuhusu mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, ambaye juzi tu alikuwa akisimama dede na sasa anakwenda tata, wengi wetu huona kwamba hana jambo ila kula, kulala na kulia, na kwamba kazi yake yote ni ya mama. Baba husubiri. Husema moyoni mwake, "Akikua tutazungumza."

Sisi tuliomo katika utumishi wa jeshi tunayo sababu ya pekee ya kulitazama upya jambo hili, kwani kazi yetu ni kazi ya kuondoka. Tangu mwezi Machi 2007, vikosi vya kwanza vya Uganda vilipotua Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, maelfu ya akina baba, na akina mama pia, wamekwenda huko kwa zamu, na zamu moja imekuwa yapata mwaka mzima. Kwa mtu mzima mwaka ni kipindi kinachohesabika kwa kalenda. Kwa mtoto wa miezi 20, mwaka ni zaidi ya nusu ya umri wake wote. Baba aliyemwacha mtoto akitambaa humkuta anakimbia. Aliyemwacha akilia tu humkuta anaita majina ya majirani wote, na huenda katika majina hayo la baba lisiwemo, au liwe ni jina la picha iliyotundikwa ukutani.

Wala jambo hili si la askari peke yao. Dereva wa lori la masafa marefu, mvuvi wa visiwani, mfanyabiashara wa mpakani na karani aondokaye nyumbani alfajiri na kurudi usiku, wote wamo katika mkumbo huu. Katika makala haya tungependa kuonyesha kwamba liko tendo moja dogo, lisilohitaji fedha nyingi wala elimu kubwa, liwezalo kumjulisha mtoto mzazi wake mapema na kwa undani. Tendo hilo ni kutoka naye matembezi.

UTAFITI ULIOFANYWA KWETU

Huenda baadhi ya wasomaji hawajui kwamba sehemu kubwa ya elimu ambayo ulimwengu unayo leo juu ya mapenzi baina ya mtoto mdogo na mzazi wake ilichimbuliwa hapa hapa Uganda. Mwaka 1954 alifika Kampala mtaalamu wa elimu ya nafsi, Bibi Mary Ainsworth, akajiunga na taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Hakuwa na maabara wala mitambo. Akifuatana na mkalimani, alitembelea nyumba za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na mji, akaketi sebuleni pamoja na akina mama, akawatazama watoto 28 wa familia 26. Alirudi kwao tena na tena kwa muda wa miezi kadhaa, akiandika yote aliyoyaona. Matokeo ya kazi hiyo aliyachapisha mwaka 1967 katika kitabu kiitwacho Infancy in Uganda.

Bibi huyo aliona jambo ambalo kila mama wa kijijini alikuwa akiliona kila siku bila ya kulipa jina. Mtoto aliyeanza kutambaa humwacha mama yake alipoketi, akaenda kushika kinu, akavuta ukili wa mkeka, akachungulia mlangoni. Lakini kila baada ya muda hugeuka kumtazama mama. Akimwona yupo, huendelea na safari yake. Akishtuka, hurudi mbio mapajani, akatulia kitambo, kisha akatoka tena. Mama alipoinuka na kutoka chumbani, uchunguzi wote ulikoma: mtoto aliacha vitu alivyokuwa akivichezea, akalia au akamfuata. Bibi Ainsworth alieleza kwamba mama ni kituo cha salama ambacho mtoto hutokea kwenda kuuchungua ulimwengu.

Maneno haya askari huyaelewa bila ya kufafanuliwa. Kikosi cha doria hakithubutu kwenda mbali kama hakina kambi ya kurudia. Nguvu ya doria haimo katika bunduki peke yake, bali imo pia katika kujua kwamba nyuma yako pana watu waliokesha, pana chakula na pana tabibu, na kwamba kambi uliyoiacha asubuhi utaikuta jioni mahali pale pale. Mtoto mdogo naye yuko doria tangu anapoamka hadi anapolala, na kambi yake ni mzazi. Kwa hiyo wale wadhanio kwamba mtoto akizoeshwa kukimbilia mapajani atakuwa mwoga wamelitazama jambo hili kinyume. Aliye na hakika na kambi yake ndiye athubutuye kwenda mbali.

Jambo la pili aliloliona ni kwamba mtoto hashikamani na mtu mmoja tu. Baadhi ya watoto wale walishikamana na baba zao, wengine na bibi zao au na ndugu wakubwa. Hapo ndipo penye matumaini yetu sote tuliomo katika kazi za kuondoka. Nafasi ya baba katika moyo wa mtoto wa mwaka mmoja ipo. Mama hanyang'anywi chochote baba akiishika.

MWENDO WA MTOTO

Katika chuo cha makadeti, somo la kwanza huwa ni hatua. Mwanafunzi hufundishwa kutupa mkono, kutanguliza kisigino na kwenda pamoja na wenzake kiasi cha hatua 120 kwa dakika. Mwanajeshi aliyezoea mwendo huo, akimshika mkono mtoto wa miezi 18, hupatwa na mashaka makubwa, kwa maana hapo anakutana na gwaride lisilo na amri.

Mwaka 2012 mtaalamu Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha hesabu walizozipata kwa kuwatazama watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza wapendavyo. Kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa moja, akaenda umbali wa mita zipatazo 700, na akaanguka mara 17. Askari aendaye hatua 120 kwa dakika hupiga hatua 7,200 kwa saa na kuvuka zaidi ya kilomita 5. Tena watoto wale hawakwenda kwa njia iliyonyooka. Walizunguka, wakasimama, wakarudi nyuma na kuanza upya. Hivi ndivyo mtu ajifunzavyo kutembea, na hakuna hata mmoja wetu aliyejifunza kwa njia nyingine.

Sisi tukaao Entebbe tunaye nyumbani mmoja wa umri huo. Kutoka penye nyumba zetu hadi mahali pa kulitazama ziwa, mtu mzima huenda kwa dakika 6. Pamoja naye twatumia saa nzima. Kituo cha kwanza ni mfereji wa maji ya mvua, ambamo hapana budi kila jiwe litupwe. Kituo cha pili ni msafara wa sisimizi, ambao lazima ukaguliwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku mkaguzi amechuchumaa na mikono yake iko magotini. Kisha yuko kuku mwenye vifaranga, ambaye hapendi kusogelewa, na kipo kifuniko cha chupa kilichozama ardhini, ambacho hujaribiwa kung'olewa kila Jumamosi na bado hakijang'oka. Zikipita siku mbili bila ya kukitembelea, yeye mwenyewe hukikumbusha kwa kuonyesha kidole chini.

Mzazi atokaye ili afike mahali atarudi amechoka na amekasirika, na mtoto atarudi amelia. Mzazi atokaye ili awe pamoja na mtoto atakuwa amekwisha kufika pale pale penye mfereji. Kazi yake ni nyepesi nayo ni ngumu: kusimama, kungoja, na kuonekana kila mtoto ageukapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limeshauri kwamba mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili apate angalau dakika 180 za kujongeajongea katika siku, na asifungwe mahali pamoja, iwe mgongoni au kitini, zaidi ya saa moja mfululizo. Dakika 180 huonekana kuwa nyingi, lakini mtoto mwenyewe hazitafuti mbali. Huzipata uani, njiani na sokoni, mradi tu aachwe atembee.

PA KWENDA

Wenyeji wa Entebbe tunayo bahati ya kuwa na Bustani ya Mimea iliyo kando ya ziwa. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1898, wakati watawala wa Kiingereza walipokuwa wakijaribu mimea ya biashara kama vile mpira na kakao. Ina ukubwa upatao hekta 40, na majani yake yameteremka taratibu hadi ukingoni mwa maji. Juu ya miti mikubwa huonekana mbega weupe kwa weusi, wenye mikia mirefu kama vipwepwe. Mtoto mdogo hana haja ya kuizunguka bustani yote. Mti mmoja wenye mizizi iliyotokeza juu ya ardhi wamtosha asubuhi nzima, kwani mzizi kwake ni ukuta wa kupanda, daraja la kuvuka na kiti cha kukalia.

Karibu na hapo pana kituo cha elimu ya wanyama wa porini, kilichoanza mwaka 1952 kama makao ya wanyama waliookotwa bila ya wazazi wao. Humo wamo simba, sokwe na faru. Kwa mkubwa, kumwona faru ni jambo zito, kwa sababu faru wa mwituni walikwisha kabisa katika nchi hii mwaka 1983, na hawa walioko wametoka nje. Lakini mzazi asitazamie kwamba mtoto wa miaka miwili atayaona hayo kwa macho yake. Wetu alipopelekwa alimpa simba mgongo akamfuata njiwa aliyekuwa akidonoa makombo. Hatukuona sababu ya kumgeuza kichwa kwa nguvu. Simba atamwona akifika umri wa simba.

Siku ya mvua, wakaao Kampala wanalo Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia katika jengo lake la Kitante mwaka 1954. Humo zimehifadhiwa ngoma, zeze, marimba na pembe za makabila mengi, na mtoto aliyewahi kupiga sufuria kwa mwiko hatakosa kuzitambua ngoma.

Hata hivyo tungependa kusisitiza kwamba asiyekuwa na bustani wala makumbusho hajapungukiwa. Kila kambi ina uwanja wa mpira, na uwanja huo ukiwa mtupu jioni ni nchi nzima kwa mtoto. Soko lina mafungu ya nyanya, ndizi na samaki wakavu, na wauzaji ambao aghalabu humsalimu mtoto kabla ya kumsalimu mzazi. Kalooli, wale ndege wakubwa wenye upara, husimama juu ya mapipa ya takataka kama wazee wa baraza, nao hawatozi kiingilio. Kwenda kwa bibi, kuteka maji bombani, kumpelekea jirani bakuli lake, haya yote ni matembezi kamili yakifanywa kwa mwendo wa mtoto.

MANENO YA NJIANI

Watoto wa makambini hukua katikati ya lugha nyingi. Huenda mama akawa Mlugbara, baba Mnyankole, jirani wa kulia Mteso, na nje ya lango watu wote wanasema Kiganda. Juu ya hizo zote kipo Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya askari tangu siku za King's African Rifles, na ambacho Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Wazazi wengine huogopa kwamba lugha nyingi zitamchanganya mtoto. Uzoefu wa makambini waonyesha kinyume, kwani mtoto wa miaka minne huomba maji kwa lugha tatu, na kila lugha huitumia kwa mwenyewe.

Jambo limsaidialo mtoto ni kutajiwa kile anachokitazama yeye, wakati ule ule anapokitazama. Kwa kawaida mtoto wa mwaka mmoja husema neno moja au mawili, na afikapo miaka miwili watoto wengi huwa wameanza kuunganisha maneno mawili, kama vile "maji moto" au "baba njoo". Lakini anayoyaelewa ni mengi kuliko anayoyasema. Akinyosha kidole juu ya mti, mwambie, "Mbega. Yule ni mbega, anakula majani." Kama mama ni Mganda, naye aseme "engeye", na siku moja mtoto atafahamishwa kwamba ngeye ni mwiko wa ukoo mkubwa katika Buganda, na watu wa ukoo huo hawamli. Hivyo neno moja la njiani humfungulia mtoto mlango wa kwao.

Simu ya mkononi haiwezi kufanya kazi hii. Mwongozo ule ule wa mwaka 2019 wasema kwamba mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo cha picha kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Picha husema bila ya kujali mtoto anatazama nini. Baba aliye mbali azungumzapo na mwanawe kwa simu ya picha, akamwita jina, akangoja ajibu, hilo ni jambo jingine, nalo lina faida yake kama tutakavyoeleza.

TAHADHARI

Matembezi hayahitaji vifaa vingi. Yatosha chupa ya maji yaliyochemshwa, ndizi mbivu mbili, kofia, nguo moja ya kubadili na kitenge cha kumbebea mtoto achokapo. Lakini yako mambo ambayo mzazi hana ruhusa ya kuyapuuza.

La kwanza ni maji ya ziwa. Nyanza ni ziwa zuri la kutazama, lakini ukingoni mwake, penye majani na konokono, pana vijidudu vya kichocho vipenyavyo ngozini bila ya kuhisiwa. Mtoto asiachwe kuchezea maji hayo hata kama ni ya kufika kifundoni. Isitoshe, mtoto wa umri huu aweza kuzama katika maji machache sana, na azamapo hapigi kelele. Penye maji, mzazi awe mahali ambapo mkono wake wamfikia mtoto.

La pili ni barabara. Bodaboda hutokea pande zote, na dereva hawezi kumwona mtu aliye na urefu wa gurudumu. Penye barabara mtoto abebwe au ashikwe mkono barabara, hata akilia.

La tatu ni mbu. Yafaa kurudi nyumbani kabla ya giza, na kulala katika chandarua kilichotiwa dawa. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini kwetu mwezi Aprili 2025, na dozi yake ya nne hutolewa mtoto afikishapo miezi 18, yaani wakati ule ule anapokuwa hodari wa kutembea na mzazi hupenda kusahau kliniki. Hali kadhalika usingizi: mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na wa mchana. Matembezi mazuri huisha kabla usingizi haujaanza kumdai.

BABA ANAPORUDI

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Tumeona mara nyingi jinsi askari ashukavyo katika ndege akiwa na mzigo wa zawadi, akamnyoshea mikono mtoto aliyemwota mwaka mzima, na mtoto akapiga kelele akajificha nyuma ya gauni la mama yake. Mtu aliyevumilia mabomu bila ya kutikisika hutikisika hapo. Wako waliodhani kwamba mtoto amefundishwa kuwachukia. Wako waliomgombeza mama siku ile ile ya kurudi, na nyumba iliyongojea furaha ikalala na kisirani.

Yafaa ijulikane wazi kwamba mtoto huyo hana chuki, wala hakufundishwa na mtu. Kuogopa uso mgeni huanza kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, na ni dalili ya akili inayokua, kwani mtoto amekwisha kuwapambanua watu wake na wasio wake. Amefanya kama alivyotakiwa kufanya mlinzi wa lango: amemzuia mtu ambaye hamjui. Baba asimkaripie mlinzi kwa kutimiza wajibu. Atoe hati zake, asubiri.

Hati hizo hutolewa polepole. Siku ya kwanza baba aketi chini, mkekani, ili urefu wake usimtishe mtoto. Asimvute wala asimfuate. Azungumze na mama kwa sauti ya furaha, kwani mtoto huusoma uso wa mama kabla ya kuamua kama mgeni ni mwema. Aweke karibu naye kitu cha kuchezea, hata kijiti, na aache mtoto ndiye asogee. Siku ya pili au ya tatu watoke watu watatu, baba, mama na mtoto, wafuate njia ambayo mtoto huijua. Baba amwachie mtoto amwonyeshe vituo vyake vyote. Mama ndiye kambi siku hiyo, na baba ni mwenzi wa doria. Baada ya siku kadhaa itafika saa ambapo mtoto ataanguka na mama atakuwa nyuma kidogo, na mkono wa karibu utakuwa wa baba. Akiupokea mkono huo, kambi ya pili imekwisha kufunguliwa. Hapo sasa wawili wanaweza kutoka peke yao.

Maandalizi mema hufanywa kabla ya kuondoka. Baba ambaye tangu mtoto ana miezi sita alikuwa akitoka naye kila jioni, hata kwa robo saa, huacha njia, wimbo na jina la mchezo. Mama aliyebaki huweza kupita njia ile ile na kusema, "Hapa baba alikuokotea jani." Sauti ya baba iliyorekodiwa, picha yake iliyotundikwa usawa wa macho ya mtoto wala si juu karibu na dari, na simu ya picha kila ipatikanapo nafasi, yote haya huulinda ule uzi usikatike. Mtoto wa miezi 12 hawezi kukumbuka hadithi, lakini uso anaouona kila siku na sauti anayoisikia kila wiki havimpotei kabisa.

Na tuseme pia lile ambalo ni zito kulisema. Wapo wenzetu ambao hawakurudi, na wapo waliorudi wamefunikwa bendera. Watoto wao wako makambini na vijijini, wengine bado wanakwenda tata. Kwa hao, ndugu wa marehemu, babu, mjomba au rafiki wa kikosi anaweza kuwa kambi, akija mara kwa mara na kwa siku inayojulikana. Kuja mara moja na gunia la mchele ni msaada mwema, nao hupokewa kwa shukrani. Kuja kila Jumapili na kumshika mkono mtoto hadi penye mfereji ni msaada wa namna nyingine, nao mtoto huuhitaji kwa miaka mingi.

CHEKO LA WENZAKE

Bado iko aibu. Katika kambi zetu afisa mwenye nyota begani akionekana amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, hapakosi wa kumtania. "Afande, leo umekuwa yaya?" Tumeisikia sauti hiyo, na jibu tulilompa mwenzetu lilikuwa fupi: "Leo niko doria." Alicheka, tukacheka. Juma lililofuata tulimwona yeye mwenyewe penye uwanja wa mpira, ameinama, akimfuata wa kwake aliyekuwa akimfukuza kipepeo.

Akina mama wa askari hubeba nyumba nzima wakati waume wao wako mbali. Hulima, huchuuza, hupeleka watoto kliniki, hukesha na homa, na hungoja simu. Baba arudipo likizo akalala hadi adhuhuri, kisha akaketi na marafiki hadi usiku, huwa ameongeza mtu mmoja wa kupikiwa. Akimchukua mtoto saa mbili tu kila asubuhi, mama hupata nafasi ya kuoga bila ya kuitwa, ya kwenda sokoni mikono mitupu, au ya kulala. Faida hiyo haiandikwi katika ripoti yoyote, lakini nyumba nzima huiona ifikapo jioni.

Basi, ndugu wasomaji, hatudai kwamba matembezi yatatatua kila tatizo la malezi. Karo itabaki karo, na mshahara utabaki kuwa mdogo kuliko mwezi. Lakini miaka hii ya kwenda tata ni michache mno, na haina likizo ya kufidiwa baadaye. Aliye nyumbani juma hili achague saa moja, aiache simu mezani, afungue mlango na amruhusu mtoto atangulie. Yeye amfuate nyuma, hatua kumi hivi, na kila mtoto ageukapo amkute yupo.